Gisubizo Valens, Aliyecheza kwa Matusi ya Soko

Ndugu waombolezaji, na nyinyi wengine mliokuja kuangalia nani amelia na nani hakulia, karibuni. Huyu tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 19 Juni 1999, ni Gisubizo Valens, mchezaji wa dansi. Neno hilo la mwisho limeingia kwenye karatasi hii kwa ugomvi, donc sikilizeni mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa Goma tarehe 2 Februari 1964, mtoto wa pili wa Karekezi na Mukandori, wakimbizi waliotoka Gisenyi mwaka 1959. Baba alikuwa safarini. Aliyemtoa hospitalini akiwa amefungwa kwenye shuka ni mjomba wake Narcisse, huyuhuyu anayewasomea, na mpaka leo ukoo huu haujapata mtu mwingine anayejua kubeba mtoto.

Alisoma Goma mpaka mwaka wa nne wa sekondari. Darasani alijulikana kwa jambo moja: kuiga mwendo wa mtu yeyote. Wa padri, wa mwalimu, hata wa kaka yake mkubwa Ildephonse akitoka kuchapwa. Watoto walicheka mpaka wakalia, na Ildephonse hakusahau. Marehemu alipoacha shule, Ildephonse, mwenye diploma, alimwita mjinga. Mjomba aliishia darasa la tano na hajawahi kupotea njia, lakini hilo tuliache.

Mwaka 1986 alishuka Kinshasa, akajifunza dansi ya kisasa, ile isiyongoja ngoma wala bibi harusi. Familia ilirudi Gisenyi mwaka 1994, naye akawafuata, na mwaka uliofuata akaanzisha kundi lake, Compagnie Udongo, watu saba pamoja naye. Hawakutafuta ukumbi. Walicheza pale watu wanapofanyia kazi: kwenye tanuru za matofali Rugerero, kwenye mashamba ya viazi Kanzenze, ndani ya maji ya Kivu mpaka kiunoni. Walifika Kibuye na Ruhengeri wakikaa juu ya magunia kwenye malori. Kila mahali walitazama kwanza watu wanavyoinama na kubeba, kisha wakawaomba wenyewe waingie kati. Kibuye walipigiwa makofi. Gisenyi, mji wake, iliuliza: "Harusi iko ya nani?" Na Ildephonse, aliyekuwa ameshapata kiti chake kwenye ofisi ya komine, alisema jina la baba yao haliwezi kugaagaa chini barabarani.

Tarehe 8 Julai 1995 alimwoa Mutoni Vestine wa Cyanzarwe, mshonaji. Mungu akawapa Ishimwe. Vestine hakumwambia hata siku moja aache dansi. Alimwambia tu aoge kabla ya kupanda kitandani.

Sasa soko. Tarehe 12 Mei 1998 walicheza katika soko la Gisenyi bila kumtangazia mtu. Hapo marehemu alikosea, na wasifu usiosema kosa ni tangazo la sabuni. Wote saba walianguka chini kwa pamoja, katikati ya nyanya. Mwaka ule wa mashambulizi mnaujua wenyewe: mtu akianguka ghafla hapa kwetu, hakuna aliyengoja kuelezwa. Soko zima likalala kifudifudi. Wengine walikimbia mpaka kanisani na mizani mikononi. Mukandutiye, muuza mawese, alijitupa chini ya meza, akavunjika mkono. Kisha kimya. Hakuna risasi. Wale saba wakaanza kujigeuza polepole, kama walivyofanya mazoezi.

"We Valens!" Mukandutiye akapiga kelele. "Uko na kichwa kweli? Mutu akilala hapa, sisi tunajua iko nini!"

"Pole, mama. Iko dansi."

"Dansi gani haina ngoma? Unataka kulala, enda kwako, bibi yako akufunike!"

Walipigwa kwa miwa. Ildephonse alifika mbio, si kuamua ugomvi, bali kuwaambia watu kwamba huyo si wa kwao.

Marehemu hakukimbia mji. Kila asubuhi alimbebea Mukandutiye bidoni zake za mawese kutoka mpakani, maana mkono ule ulikuwa umefungwa. Mama alikubali kubebewa. Msamaha alikataa. Alitembea nyuma yake akimtukana kwa sauti, na wauzaji wenzake wakiitikia: "Shingo, we mbuzi! Usimwage! Miguu ya kuku!" Naye akawa anasikiliza.

Mwezi wa Oktoba kundi lilirudi sokoni, safari hii limetangaza kwa kipaza sauti tangu juzi yake. Akina mama walikuwa wamejipanga kulifukuza. Walipoanza kutukana, wale saba wakaanza kucheza kwa mapigo ya matusi yenyewe, tusi kwa hatua. Akina mama wakinyamaza, wanabaki wamesimama kwa mguu mmoja. Mukandutiye alifunga mdomo makusudi ili waanguke. Ukamshinda. "Angukeni basi, wajinga!" Wakaruka. Soko lilijaa, na hakuna aliyemsamehe mwenzake. Wakaendelea hivyo siku nyingi za soko.

Januari mwaka huu ini lilianza kumsumbua, akalazwa. Ildephonse alifika hospitalini mara moja, akasimama mlangoni, akaondoka. Marehemu alifariki nyumbani, asubuhi ya tarehe 16 Juni, Vestine akiwa amemshika.

Juzi kwenye mkutano wa msiba, Ildephonse alisema: "Bon, mujomba. Andika alikuwa mufanyabiashara. Dansi haisomwi mbele ya padri."

"Biashara gani?"

"Andika tu."

Mukandutiye akasimama kule nyuma. "Mi sikumupenda, na bado simupendi. Mvua ikinyesha, mukono huu unaniuma. Lakini ule alikuwa muchezaji. Nimemutukana asubuhi na magaribi, najua nilikuwa natukana nani! Muandike kingine, siku ya kuzika nitasimama kwa kaburi nimutukane matusi yale ya sokoni, na wale wake sita watacheza mbele ya padri wako. Tutaona utashika nani."

Mjomba akaandika: mchezaji wa dansi.

Marehemu ameacha mama yake Mukandori, mke wake Vestine, binti yake Ishimwe, wachezaji wake sita, mjomba wake Narcisse, na kaka yake Ildephonse, ambaye leo amekaa kiti cha mbele.

Mungu ampe mapumziko ambayo sisi tulimnyima.