Alama za Kijana Asiyefungua Daftari

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, upande unaopata kivuli asubuhi. Miguu yake ya kushoto ni mifupi kidogo kuliko ya kulia, hivyo anayeketi mwisho wa kushoto hubeba, kwa makadirio yangu, zaidi ya nusu ya uzito wa mjadala wowote. Hapo ndipo huketi Spana, fundi wa pikipiki, mtu mnene wa mwili na wa hoja. Mwenye kibanda ni Wembe, ambaye hunyoa huku akibishana, jambo linalowafanya wateja wake wakubaliane naye upesi. Mimi wananiita Desimali, kwa kuwa nilistaafu katika ofisi ya takwimu na sijapata kulipokea neno "karibu nusu" bila kuuliza ni karibu kiasi gani. Kahawa ni ya Mama Birika, anayepita na kuondoka. Asubuhi hiyo alimimina bila kuuliza nani anataka, kisha akafanya jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya: aliketi.

— Wazee, alisema, leo sitaki hela yenu. Nataka akili zenu.

Tulijiweka sawa. Ombi la namna hiyo halitufikii mara nyingi.

Alitueleza. Shule ya sekondari inafungua kambi ya hesabu wakati wa likizo. Walimu watakaa na wanafunzi huko huko, usiku na mchana, kuwaandaa kwa mtihani wa mwisho. Vitanda ni vichache, kwa hiyo kila nyumba itatoa mtoto mmoja tu. Yeye anao wawili, darasa moja: binti yake wa kumzaa, na kijana wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Binti husoma kila jioni. Amepata sabini na sita. Kijana hafungui daftari. Amepata themanini na moja.

— Nikimpeleka binti, ukoo mzima utasema nimemchagua wa tumbo langu, nikamtupa yatima. Nikimpeleka kijana, binti atajua kwamba kuhangaika kwake kote ni ujinga. Na mwalimu anataka jina kabla ya kengele ya mchana.

SPANA: Sasa hapo pana swali gani, mama? Mpeleke kijana! Injini ni injini. Mimi naweza kuisafisha injini ya pikipiki mwaka mzima, niipake mafuta, niibembeleze, haitavuta lori.

WEMBE: Na lori lisilowashwa linavuta nini?

SPANA: Hili linawaka lenyewe! Themanini na moja, daftari limefungwa! Wahenga walishasema, ukiona vyaelea…

WEMBE: Vimeundwa!

SPANA: Nani kakwambia? Ukiona vyaelea, ujue ni vyepesi. Umewahi kuona jiwe likielea kwa bidii?

Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa chake ikiwa imekwisha kunyolewa, alicheka. Wembe akamwinamisha shingo ili asishiriki zaidi.

WEMBE: Mama, usimsikilize mtu anayeongea na mabomba ya moshi. Mimi nimeshika vichwa vya mtaa huu wote. Mtu wa bidii namjua kwa nywele. Akiegemeza kichwa kwenye kiganja kila siku akisoma, nywele za juu ya sikio zinasagika. Nimeziona kwa daktari, nimeziona kwa mhandisi…

SPANA: Na kwa mlinzi wa benki. Naye anaegemea hivyo hivyo, ila anakoroma.

WEMBE: Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

SPANA: Mwenye mkono mrefu hainami, ndugu yangu.

WEMBE: Halafu kuna joto. Kichwa cha bidii kina joto, mashine inapita kwa shida. Cha huyo dogo ni baridi. Ukikinyoa ni kama unamenya boga.

SPANA: Si ndiyo dalili yenyewe! Injini nzuri haichemki!

Niliona wakati umefika wa kuleta utaratibu.

MIMI: Ndugu zangu, kosa lenu ni la msingi. Mnabishana kana kwamba jambo hili ni la kujumlisha, kumbe ni la kuzidisha. Alama ni kipaji mara bidii. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe milioni.

SPANA: Ahaa. Bidii ya kijana ni ngapi, mama?

MAMA BIRIKA: Sifuri, kaka yangu. Sifuri kabisa.

SPANA: Basi kijana kapata sifuri. Hizi themanini na moja zimetoka wapi, Mzee Desimali? Kaziokota njiani?

Nilikunywa funda la kahawa, nikalikawiza.

MIMI: Kanuni ni sahihi. Aliyekosea ni kijana.

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha haki, lakini kilikuwa kirefu. Kuanzia hapo, nadharia zikapoteza breki.

SPANA: Mimi naona wenye vipaji wasipelekwe shule kabisa. Shule inawachakaza. Wawekwe mahali pakavu, wafunikwe turubai, watolewe siku ya mtihani tu.

WEMBE: Na wenye bidii wasipewe mtihani. Mtihani unawapotezea muda wa kusoma.

SPANA: Nani atajua kama wamefaulu?

WEMBE: Nitawapapasa nywele!

MAMA BIRIKA: Jamani! Nimekuja hapa na watoto wawili, mtaniondoa na boga na turubai? Kengele inakaribia, na mimi bado sina jina.

Sauti yake ilikuwa imebadilika, tukamgeukia. Hapo ndipo tulipomwona mwanamke aliyesimama pembeni, kufuli jipya mkononi, akisubiri fundi wa milango aliyemwahidi kufika. Wembe alimkaribisha akae. Akashukuru, akabaki amesimama.

MGENI: Samahani, wazee wangu, masikio hayana pazia. Mimi ndiye mpangaji mpya, nyumba yangu na ya huyu dada zinashirikiana ukuta. Dada, kila jioni nasikia sauti inasoma hesabu kwa nguvu. Inajiuliza: "Ukivusha namba hii upande wa pili, ishara inageuka. Kwa nini inageuka?" Halafu inajijibu. Ile ni ya nani?

MAMA BIRIKA: Ya binti. Unisamehe, jirani yangu. Hajui kusoma kimya, huyo. Akikwama anaanza upya, na upya tena, mpaka kieleweke.

MGENI: Wala hainiudhi. Mimi mwenyewe nimeshaelewa mambo yaliyonishinda shuleni. Na huyo kijana, muda ule anakuwa wapi?

MAMA BIRIKA: Yupo palepale. Tuna chumba na sebule, katikati pazia. Yeye yuko sebuleni, kalala chali kwenye mkeka, anarusha mpira juu na kuudaka, anarusha na…

Mkono wake, uliokuwa ukionyesha mpira unavyorushwa, ulibaki hewani.

MGENI: Nauliza tu, kwa sababu nyinyi mnawajua. Hizo themanini na moja ni za nani?



SPANA: Lakini… kushika yote ukiwa nyuma ya pazia, si nako ni kipaji?

WEMBE: Na kumfundisha mtu anayecheza mpira mpaka akupite alama, hicho tukiite nini?

Walitazamana kama watu waliovaa viatu vya wenzao. Kisha wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu, wakanigeukia mimi. Nilichukua kijiti nikachora chini mstari wa mgawanyo: sehemu ya kijana juu, sehemu ya binti chini. Nilihitaji namba moja tu, nayo ni alama ambazo kijana angepata katika nyumba iliyo kimya. Namba hiyo haikuwapo. Nyumba ile haikuwahi kuwa kimya. Nikakiweka kijiti chini.

Wembe alinyoosha kikombe. Mama Birika akainamisha birika. Likatoa matone, halafu hewa. Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akatazama upande wa shule.

MAMA BIRIKA: Anakwenda binti.

SPANA: Na ukoo, mama? Watakula nyama yako.

MAMA BIRIKA: Waje. Nitawaambia mwana wa dada yangu sikumtupa. Miaka yote hii amekuwa na mwalimu ndani ya nyumba, hajui hata kumshukuru. Sasa mwalimu anakwenda kambini, naye akajifunze.

WEMBE: Na huyo anayebaki?

MAMA BIRIKA: Atafungua daftari asome. Kwa sauti. Upande wa pili wa pazia nitakaa mimi, na asiponielewesha, ataanza upya.