Perege wa Bi Mwajabu

Kijiwe chetu pale Ndundu ni mtumbwi mbovu. Ulipasuka mwaka wa mafuriko makubwa, tukaupindua kando ya njia inayoshuka kivukoni, na tangu hapo wanaume wa Ndundu wamepata pa kuwekea makalio na uongo wao. Buli ni langu mimi, Husseini, na anayesema kahawa yangu chungu akanywe maji ya mto. Tangu hii vita ya maji ianze buni haipatikani. Kibaba ninachokipata dukani kwa Mhindi Ladha, kule Kibiti, nakichanganya na mbegu za bamia zilizokaangwa, nusu kwa nusu, na hakuna aliyekufa. Asubuhi ninayoisimulia, kesho yake ilikuwa Maulidi na mji hauna kitoweo. Maghala askari wa Mdachi walishayachoma. Mabwawa yetu yalikuwa yanatoa perege wa urefu wa kidole. Jumbe akaamuru bwawa la Bi Mwajabu, mke wa Bashiru aliyekwenda vitani asirudi, likaushwe, na perege wake wakubwa wagawiwe watu wote. Kazi ya kulikausha akatupa sisi wa kijiweni. Basi akaja Tamimu, mdogo wake Mwajabu, na chungu kichwani, akakitua mbele yetu. Ndani mlikuwa na perege mmoja, mzima, anahema.

Wa kwanza kuinama alikuwa Khamisi, tunayemwita Mzinga kwa sababu akinong'ona tu, ng'ambo ya mto wanamsikia. Wa pili Abdalah, jina lake la kijiweni Hirizi, maana amezivaa tangu shingoni hadi kiunoni.

— Lahaula! — akasema Mzinga. — Huyu perege au ndama?

— Usimwonyeshe kidole, — akasema Hirizi.

— Kwa nini?

— Kitakatika.

Mzinga akakificha kidole kwapani. Nami nikaacha buli, nikasogea. Wallahi, nimezaliwa kando ya mto huu, sijapata kuona perege wa bwawani namna ile. Mgongo mpana, magamba yanang'aa, na jicho limetulia, halina habari na sisi. Nilijikuta nimevua kofia, sijui nilikuwa namvulia nani.

— Dada yako anawalisha nini, Tamimu? — nikauliza.

— Ngojeni niwaambie, — akasema Tamimu. Huyo naye kila neno lake huanza na ngojeni. — Pumba na mchwa.

— Sote tunalisha pumba na mchwa! — akanguruma Mzinga.

— Ndiyo nasema. Pumba zile zile, tena chache kuliko zenu.

Hirizi akacheka kicheko cha mtu anayejua.

— Siri ninayo mimi. Bashiru siku anaondoka alikunywa maji ya dawa pale pale ukingoni mwa bwawa. Yaliyobaki kwenye kata akayamwaga. Risasi hazikugeuka maji, sawa, nakubali, mimi mwenyewe shahidi. Dawa ilipotea njia, ikawaingia samaki.

— Wewe risasi ilikupiga nyuma ya paja, Hirizi. Uso ulikuwa umeuelekeza wapi? — akauliza Mzinga.

— Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Hiyo nayo inahusu nini?

— Inahusu paja langu. Niache.

Nikawamiminia tena, labda kahawa ingewanyamazisha. Kwa Mzinga ni sawa na kumwagia moto mafuta.

— Si dawa, — akasema. — Ni pamba ya Mdachi. Tulipoling'oa lile shamba, mbegu tulizitupa wapi? Majini! Huyu samaki amekula pamba, amejaa pamba. Ukimpasua unatoa kanzu.

— Na kofia yake? — nikamwuliza.

— Na kofia yake. Kwa hiyo tusingoje kesho. Samaki mkunje angali mbichi!

— Hiyo ya kulea watoto, mwehu wewe.

— Kama ni ya watoto, samaki ameingiaje humo?

Tungecheka mpaka adhuhuri, lakini Hirizi alikuwa hacheki. Alikuwa amepiga magoti mbele ya chungu, hirizi zake zinagusa maji.

— Bashiru hakuzikwa, — akasema polepole. — Nani aliyeuona mwili wake? Mtu aliyekunywa maji haendi mbali na maji. Amerudi kuwalisha wanawe. Mtazameni hilo jicho.

Tukamtazama. Perege akafungua kinywa, akafumba. Nywele zikanisimama, na Mzinga mwenyewe akarudi nyuma.

— Shemeji yangu hakuwa perege! — akasema Tamimu. — Dada amelia mwaka mzima. Msimfanyie mzaha.

— Sifanyi mzaha, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemwacha kule. Natamani awe amerudi, kwa sura yoyote ile.

Hapo nikashika kazi ya kupangusa vikombe visivyo na uchafu. Tamimu akajifuta pua, akaketi.

— Ngojeni, — akasema, na safari hii tukangoja kweli. — Dada hana dawa. Ila kila akivua, anakula wadogo.

— Anakula wadogo? — Mzinga akashangaa. — Mtu mzima na akili zake?

— Wamezaliwa pamoja, wanakula pumba pamoja. Mmoja anashinda anatafuna na habanduki kwenye urefu wake wa kidole. Mwenzake anakula hizo hizo, miezi haipiti mingi ameshajaza kiganja. Yule mdogo anaingia chunguni. Huyu anarudishwa majini azae. Watoto wake nao wakikua, anawachagua hivyo hivyo. Walianza yeye na Bashiru mwaka waliooana. Sasa vifaranga vya hawa vinazaliwa na haraka ya kukua, pumba kidogo tu vinashiba. Wazazi wamebaki wanne. Huyu mmoja wao.

Nikarudi kumtazama yule samaki. Sikuona tena dawa wala jini, na kumbe ndipo nilipoogopa zaidi. Mwanamke na mumewe, kwa kikapu cha pumba, wamemfanya perege awe mwingine! Subhana Llah. Na sisi je? Sisi tukivua tunachukua mkubwa kwanza, yule kidole tunamtupa majini, tunamwambia kakue. Miaka yote tunamwambia kakue.

— Kula sawa, kunenepa mbalimbali, — akasema Mzinga. — Kama mimi na mke wangu.

Kisha akashusha sauti, jambo ambalo hatujalizoea.

— Lakini Husseini, wanangu jana wamelala na ming'oko, mizizi ya porini. Kesho Maulidi. Niwaambie kuna samaki tumemwacha azae? Na asiyekuwapo na lake halipo. Mwajabu mbona hakuja kujitetea?

— Ameketi ukingoni tangu alfajiri, — akajibu Tamimu. — Hasemi kitu. Ameniambia tu, mpeleke mmoja wakamwone, kisha waje na majembe yao kama wana moyo.

Tukaangalia majembe yetu. Tulikuwa tumeyaegemeza kwenye mtumbwi, ya kubomolea ukingo.

Ndipo akapanda bibi mmoja kutoka kivukoni. Alikuwa mtu wa ng'ambo, wa milima ya Umatumbi, amekonda hata shuka inamshinda, na kichwani ana mzigo uliofungwa kwa kitambaa cheusi kwa masizi. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akaomba maji. Nikampa kahawa.

— Kahawa gani hii, mwanangu?

— Nusu buni, bibi, nusu mbegu za bamia.

Akanitazama. Akakiweka kikombe chini taratibu, hakukimaliza.

— Umebeba nini, bibi? — akauliza Mzinga.

— Mtama.

— Mtama! Nawe mifupa mitupu! Toka milimani huko umetembea na chakula kichwani, hujakila?

— Si chakula, baba. Mbegu. Masuke yalikuwa yananing'inia juu ya moshi, jikoni. Askari walipowasha nyumba niliyaokoa hayo kwanza.

Hata kwetu, suke la mbegu likishaning'inizwa juu ya meko hakuna mkono unaolifikia, njaa iwe njaa. Mtoto akilidokoa, mji mzima utamsikia mama yake.

Bibi akachungulia chunguni. Akatabasamu, na nadhani lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu avuke mto.

— Mashallah! Huyu naye?

— Huyo ndiye ambaye dada yangu anamwacha azae, — akasema Tamimu. — Wako wanne.

— Na majembe ya nini?

— Kesho tunawala, — akasema Hirizi, macho chini.

Bibi akafikiri. Hakutulaumu. Aliuliza kama mgeni anayetaka kujua desturi ya watu asije akaivunja.

— Kwenu huku, mbegu huliwa?

Hirizi akashika hirizi, moja baada ya nyingine, kana kwamba jibu limeshonewa humo. Mimi nikatazama ndani ya buli. Mzinga akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakikutoka kitu. Perege naye akafungua chake, akafumba.

Aliyeinuka ni Mzinga. Mwenye njaa kuliko sisi wote.

— Leteni hicho chungu, — akasema. — Maji yanapata moto, samaki atakufa.

Akakitwaa mwenyewe, akakikumbatia, akaishika njia ya kwa Mwajabu anatembea kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Jembe lake hakuligusa. Tamimu akamfuata mbio, hakusema ngoja. Hirizi akampokea bibi mzigo wake, akawa anamwonyesha kwa mkono tope jipya ambalo mto umeliacha, mahali pazuri pa kupanda.

Nilibaki na vikombe vyangu. Mzinga akageuka kule mbali, akapiga kelele zake za kawaida:

— Husseini! Tukirudi tukute kahawa!

— Imekwisha!

— Si una kibuyu kizima cha mbegu za bamia huko ndani?

— Nimesema kahawa imekwisha!

Nikamwagia moto maji.