Mama Hatuchoki

Mama yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala. Alisoma hadi darasa la saba. Walimu walimsifu kwa sauti yake: akisoma yeye, hata waliokaa nyuma kabisa walisikia. Sauti hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, akashona kola za mashati mpaka akawa msimamizi. Mwaka 1974 aliolewa na fundi mitambo wa hapohapo, marehemu baba yetu. Wote wawili walitoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Baba alitania kwamba mke wake alikuwa akimjua kwa kikohozi tu, si kwa sura.

Mwaka 1983 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kupunguza saa za kazi viwandani, kutoka kumi na mbili hadi nane. Kamati ya wabunge ikataka kuwasikia wafanyakazi. Meneja alimteua Mama, akampa gauni jipya na maneno ya kusema. Mama akasimama, akayasema yote: "Waheshimiwa, sisi wanawake wa kiwandani hatuchoki." Walimpigia makofi. Muswada ukawekwa kando, na sheria haikupita hadi mwaka 1989.

Miaka hiyo sita ndiyo aibu ya Mama, na ni yetu pia, maana tulikula na kusoma kwa cheo chake. Wenzake walimbandika jina, Mama Hatuchoki. Mmoja wao, rafiki yake wa siku nyingi, alisinzia jioni kwenye mashine ya kukata vitambaa, akapoteza vidole viwili. Mama alipokwenda kumwona hospitali, rafiki yake alimwuliza, "Na leo hujachoka?" Tangu hapo sauti yake ilishuka, nasi watoto tukazoea kumwambia, "Mama, sema basi tusikie."

Siku ya kwanza ya sheria mpya alifika nyumbani jua lingali juu, akakaa mlangoni, akalia.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alituusia, "Mkinisoma siku ya mazishi, msinirembe. Lisemeni lile la bungeni." Asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Mei, rafiki yake yule alikuwa kando ya kitanda, amemshika mkono. Mama akasema kwa sauti yake ya zamani, wodi nzima ikasikia: "Nimechoka."

"Haya, toka, mwenzangu," rafiki yake akamjibu. "Zamu imekwisha."

Ameacha watoto watatu, wajukuu wanane, mdogo wake wa kike, na rafiki yake huyu aliyeketi nasi hapa mbele. Kwa wote mliofanya kazi miaka ile sita, tunawaomba radhi kwa niaba yake.

Mama yetu alichoka. Mwacheni apumzike.