Aliyewazoesha Sokwe Watu, Kisha Akawafukuza

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka kazini kwake, familia imenipa mimi, kitinda mimba wa nyumba hii, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na nawahakikishia mapema kwamba hakuna nitakalosoma nililolipata kwa kusikia, yote nimeyaona kwa macho yangu haya mawili, hata kuzaliwa kwake, ingawa mimi nilikuja duniani miaka kumi na miwili baadaye, kwa kuwa mama yetu alilisimulia jambo hilo jikoni kila alipomkasirikia, mpaka nikaliona vizuri kuliko mkunga.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Februari 1950, katika zahanati ya mtaa wetu, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, alizaliwa macho kodo, hakulia, akawatazama waliokuwemo chumbani mmoja mmoja, na mama alisema alijiona kama yeye ndiye aliyezaliwa na sasa anakaguliwa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1957, akaingia sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1965, na mwaka 1971 akajiunga na chuo kikuu kusoma elimu ya wanyama, akiwa mwanamke peke yake katika darasa lake, na baba alitamba mtaa mzima kwamba anasomesha daktari wa ng'ombe, mpaka siku binti alipomweleza kuwa anakwenda kutazama sokwe, baba akauliza atawatibu nini, akajibiwa hatawatibu, akauliza basi atawafuga, akajibiwa hatawafuga, akauliza sasa hao sokwe watamlipa nini, dada akacheka, na baba akarudi kwenye cherehani yake, ambako mchana ule alishona suruali ya mteja mguu mmoja mrefu kuliko mwingine.

Tarehe 8 Machi 1976 aliripoti kazini msituni, akapewa kibanda cha mabati, darubini, na mfuata nyayo mmoja ambaye watu walimwita Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza, na hapo ndipo dada alipoanza jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika msitu ule, maana waliotangulia waliwatazama sokwe kutoka ng'ambo ya bonde, wakaona migongo ikiingia vichakani, wakaenda kuandika habari za migongo. Yeye aliamua kuwazoesha, nayo kazi ya kuwazoesha, wapendwa, si ya mtu mwenye pupa, unakwenda kila siku na shati lilelile la kijani, unakaa mbali, huwakodolei macho, unatazama pembeni, unajikuna, unachuma majani na kujifanya unatafuna, wakikimbia huwafuati, kesho unarudi, mpaka wakuchoke, na ilimchukua miaka sita kuchokwa. Lakini walipomchoka aliona ambayo wasomi wa mbali hawakuyaona, kwamba madume ndiyo yaliyopiga kelele na kutikisa miti, ila aliyeamua kundi lielekee wapi kula alikuwa jike mmoja mzee, mwenye sikio lililochanika, ambaye dada alimwita Bi Mkubwa, na alipoyasema hayo katika mikutano wazee wenye tai walimbishia siku nzima, yeye akakaa akitazama pembeni na kujikuna, nao mwishowe wakachoka.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1978, na fundi redio aliyekuja kutengeneza redio ya kituo cha utafiti, redio iliyoharibika mara nyingi kuliko kawaida ya redio, na shemeji yetu, ambaye alitutangulia mwaka 2004, alipenda kusema kwamba naye alizoeshwa vivyo hivyo, mwanamke alikaa kando yake bila kumtazama, siku baada ya siku, mpaka akajikuta ameoa.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1980, na hapa, ndugu zangu, karatasi inakuwa nzito, kwa sababu mtoto huyo alipofikisha miaka miwili aliletwa mjini kulelewa na mama yetu, msituni hapakuwa na shule wala zahanati, dada alikuja likizo mara mbili kwa mwaka, alijua Bi Mkubwa amemwachisha nani ziwa na lini, ila viatu alivyomletea bintiye vilibana kila mara, kwa kuwa alinunua kwa mguu aliouacha safari iliyopita, na mtoto akiwa na miaka saba alimwuliza bibi yake kama akiota manyoya mama atarudi nyumbani. Bibi alilifikisha swali hilo kwa dada, nalo halikumtoka tena moyoni.

Mimi niliajiriwa kituoni kama mpishi mwaka 1985, niliyeishia darasa la tano, nikawalisha wenye shahada tatu na hakuna aliyelalamika mbele yangu, kwa hiyo nilikuwepo mwaka 1991, ilipochongwa barabara ya kusafirishia magogo upande wa pili wa mlima, na kwa barabara hiyo wakaja wawindaji wenye bunduki. Sokwe wa makundi mengine walisikia hatua za watu wakatoweka, sokwe wa dada walisikia hatua za watu wakabaki wanakula, kwa sababu kwa miaka mingi hatua za watu hazikuwaletea dhara lolote, na Kimya ndiye aliyewakuta, akarudi kituoni, akasimama mlangoni pa jiko langu, mtu yule wa maneno elfu, akasema matatu tu, "Wameuawa wakiwa wamekaa."

Dada alikwenda kuwaona, aliporudi hakula, na asubuhi alitutangazia kwamba waliobaki ni lazima wafundishwe kumwogopa mtu. Wakubwa wa utafiti walimjia juu, wakamwambia anabomoa kwa mikono yake kazi ambayo dunia nzima inaijia, waliokuwa wakimfadhili wakatishia kujitoa, na kweli wakajitoa, naye akawajibu kwamba kazi ile inaua. Kimya alimsihi walau awaachie wengine, akasema yeye na vibarua wangetosha kupiga makelele, dada abaki nyuma asiumie moyo, lakini dada akakataa, akaeleza kwa upole kwamba wakifukuzwa na wageni watamkimbilia yeye, na siku yake ikipita watamkimbilia yeyote mwenye shati la kijani, hivyo ni lazima awe yeye, kwa shati lilelile, ili wajue kwamba hata huyu si salama.

Tarehe 2 Septemba 1991 dada, Kimya na vibarua walinichukulia sufuria zote na madebe yote, wakaingia msituni wakivipiga, na kwa siku kadhaa sokwe walishangaa tu, wakawatazama kama mnavyomtazama mlevi wa mtaani mnayemfahamu, hadi siku Bi Mkubwa aliposhuka mtini, akaja kukaa kando ya dada kama alivyozoea, akampa mgongo, na dada akaokota jiwe akampiga nalo begani. Walikimbia wote, yeye akiwa wa mwisho kwa uzee wake, na alipofika kwenye kijito aligeuka, akamtazama dada kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka alichosahau, kisha akaingia majanini.

Kuanzia hapo dada alirudi ng'ambo ya bonde, alikoanzia kila mtu, akawasoma kwa darubini, kwa sauti na kwa vinyesi, na mwaka uliofuata wawindaji walipokuja tena walizunguka wiki nzima wakaondoka mikono mitupu, wakilaani.

Alistaafu mwaka 2010, akaja kuishi kwa bintiye, ambaye wakati huo alishakuwa nesi na mama wa nyumba yake, na hapo alifanya kosa ambalo ni yeye tu angeweza kulifanya, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kumwendea kiumbe aliyemkimbia, akaanza kumzoesha. Alikaa sebuleni mbali kidogo na binti, akatazama dirishani, hakuuliza neno, jioni moja baada ya nyingine, akisubiri achokwe, naye binti akaona kwamba mama hata sasa hataki kumtazama, wakakaa hivyo miaka saba, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Mwaka 2017 figo zake zilianza kushindwa kazi, akawa anapelekwa hospitali kusafishwa damu, na siku moja, binti akimfunga kanga mabegani na mama akitazama ukutani, binti alisema, "Mama, mimi si sokwe, nitazame usoni." Dada akageuza shingo, akamtazama, na tangu hapo walizungumza mpaka manesi wakawaomba wapunguze sauti, ila ilibaki miaka miwili tu, na binti ametuomba tuseme wazi kwamba haikutosha. Dada yetu alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2019, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya figo, majirani waliotuletea viti kabla hatujaviomba, wafanyakazi wenzake waliosafiri njia ndefu, hata wale waliomjia juu mwaka ule na leo wamekuja kumzika, na Kimya, aliyeketi pale nyuma, ambaye kwa siku tatu hizi ameongea kwa niaba yetu sote.

Yeye Kimya ananitikisia kichwa tangu niliposoma habari za kijito, na sina budi kusema, pale nilipamba mwenyewe, siku hiyo nilikuwa jikoni nikitazama mafiga yasiyo na sufuria, na ninachokijua kwa hakika ni kwamba dada alirudi, akakaa juu ya gunia langu la mkaa, akasema hakugeuka hata mmoja, akarudia, hakugeuka hata mmoja, akalia, na mimi sikuweza kumwacha aondoke leo bila mtu wa kugeuka kumtazama. Basi pumzika, dada, walikimbia wote, kama ulivyotaka.