Évode Nduwayo, Fundi Aliyeshuka na Kila Gurudumu Lake

Ndugu, majirani na marafiki, tunawashukuru kwa kufika hapa kwenye uwanja wa kanisa, chini ya mteremko ambao marehemu aliushuka mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Nyakabanda. Tutasema alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa lini na alifariki vipi, kama ilivyo desturi. Lakini kuna neno moja ambalo lazima lisemwe kabla udongo haujamfunika. Kwa miaka kumi na minne watu wamesema kwamba gurudumu la Évode ndilo lililomvunja Ismaël mguu. Évode hakuwahi kujitetea. Leo hawezi tena, na familia haikutaka neno hilo lizikwe pamoja naye likiwa limepinda.

Évode Nduwayo alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Stanislas na mama Nyirahabimana, Wanyarwanda waliokimbilia Burundi miaka mitano kabla ya hapo. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alijifunza kusimama kwa kushika gurudumu la baiskeli ya baba yake. Gurudumu lilizunguka, mtoto akaanguka, akainuka akalishika tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza darasa la sita mwaka 1981. Hakuendelea, kwa sababu baba aliugua, na baiskeli iliyokuwa ikilisha nyumba kwa kubeba mizigo ilihitaji miguu mingine. Mwaka huo huo ringi ya nyuma ilipinda. Fundi wa jirani, Mkongomani aliyeitwa Papa Kasongo, alikataa kumtengenezea. Alimpa spana, akamwambia, "Shika mwenyewe. Ukiharibikiwa porini, mimi sitakuwepo." Évode alikaa siku tatu barazani. Alilifumua gurudumu lote, spoki thelathini na sita, akalisuka upya. Mara ya kwanza lilitoka kama yai. Mara ya pili lilitoka kama yai dogo. Mara ya tatu lilizunguka bila kugusa breki, na tangu siku hiyo hakuwa tena mbeba mizigo, alikuwa fundi.

Alifika Kigali mwezi wa pili mwaka 1995, na tarehe 3 Juni 1997 alifungua kibanda chake juu ya mteremko huu. Wengi wenu mlipita hapo, na mnaikumbuka tabia yake. Ulileta baiskeli ili atengeneze, naye alikuwekea spana mkononi. "Shika mwenyewe," alisema, kisha akakaa pembeni akikuelekeza. Kuna waliokasirika na kwenda kwa mafundi wengine. Kuna waliobaki, na leo wanaziba pancha zao wenyewe na kunyoosha ringi zao. Kabla ya kuliachia gurudumu, alizigusa spoki moja moja kwa kucha, kama mtu anayepiga zeze, akisikiliza. Zikilia sauti moja, alitabasamu. Moja ikilia chini, alirudi kwenye kazi hata kama mwenye baiskeli amekwisha kuaga.

Hivyo ndivyo alivyompata mkewe. Joselyne alileta baiskeli ya kaka yake yenye ringi iliyopinda. Alipopewa spana alisema, "Mimi nimekuletea kazi, na wewe unanipa kazi?" Évode akamjibu, "Ukimaliza nitakupa nyingine." Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1998, wakajaliwa watoto wawili, Raïssa Kaze na Arnaud. Mpaka leo Joselyne husema kwamba ile kazi nyingine haijaisha.

Sasa tunafika kwenye lile neno.

Jumamosi tarehe 17 Septemba 2011, saa moja asubuhi, Ismaël alileta baiskeli yake. Alikuwa akipeleka maziwa madukani, na gurudumu la mbele, ambalo Évode alikuwa amelisuka wiki mbili kabla, lilikuwa limeanza kutoa mlio. Évode alikuwa anatoka kwenda Kimihurura, ambako mlinzi mmoja alikuwa akimsubiri. Alimwambia mdogo wake, Aimable Mutabazi, aliyekuwa akifanya naye kazi, "Spoki zimelegea. Kaza zote nusu mzunguko. Likinyooka, mpe." Akaondoka, na spana ya spoki akaondoka nayo mfukoni.

Aimable hakukimbia kumwita. Alichukua koleo. Aliipindua baiskeli, miguu juu, akainama kuikaza kila nati ya spoki kwa kuizungusha upande wa kulia, kama mtu anavyokaza skrubu. Fundi yeyote anajua kosa hilo. Nati ya spoki ukiitazama kutoka upande wa tairi, kulia ni kukaza. Ukiitazama kutoka katikati ya gurudumu, kulia ni kulegeza. Aimable alikuwa ameinama akitazama kutoka katikati. Alizilegeza zote thelathini na sita, na kwa kuwa zililegea sawasawa, gurudumu lilizunguka limenyooka kabisa. Hakuzigusa kwa kucha. Ismaël alikuwa amesimama juu yake.

"Aimable, hii maziwa itachacha! Lete baiskeli."

"Labda tumngoje kaka alipitie."

"Iko sawa, si naona inazunguka? Wewe unaogopa hata ringi?"

Wanaomjua Aimable wanajua kwamba kumkatalia mtu ni jambo lisilomtoka mdomoni. Aliitoa baiskeli. Ismaël alishuka na magaloni mawili ya maziwa, na katikati ya mteremko, kwenye kona ya mawe, gurudumu lilijikunja kama kofia. Paja lilivunjika mara mbili. Aliyesikia kelele akakimbia, akambeba Ismaël mpaka barabarani, ni Évode, aliyekuwa anarudi kutoka Kimihurura.

Ismaël alilala miezi minne, na mguu ulipopona ulikuwa mfupi. Miezi yote minne Évode alipeleka maji kwenye nyumba hiyo kila asubuhi kwa baiskeli. Mke wa Ismaël aliyapokea. Ismaël aligeukia ukutani. Mtaani watu walimpigia kelele, "Fundi, na hii nayo inakwenda hospitali?" Wateja walipungua. Évode aliulizwa mara nyingi kilichotokea, na jibu lake lilikuwa moja tu: "Lilitoka mlangoni kwangu." Aimable alikuwa amesimama hapo hapo, koleo likiwa ndani ya sanduku, naye hakusema kitu. Hakusema mwaka huo, wala mwaka uliofuata. Hakupanda tena baiskeli.

Tangu hapo Évode alijiwekea sheria. Hakuna gurudumu lililotoka kwake kabla yeye mwenyewe hajalishusha kwenye mteremko huu, na magunia mawili ya mchanga nyuma. Akifika chini salama, alipiga kengele. Juu kule Joselyne aliacha kumenya ndizi, kisu mkononi, mpaka aisikie. Kwa miaka kumi na minne mama huyu hakuzoea. Siku moja ya mvua, mwezi wa Machi 2017, kengele haikulia. Alishuka mbio bila viatu, akamkuta mumewe ameketi mtaroni, kidevu kinavuja damu, gurudumu mapajani.

"Ringi haijaguswa," Évode alimwambia.

"Na kidevu, Baba Raïssa?"

"Kidevu kitajisuka chenyewe."

Mwezi wa Februari mwaka huu aliambiwa kwamba ini lake lina saratani. Alirudi nyumbani, akaomba ringi tatu mpya. Rafiki yake Castory, Mtanzania anayechomelea vyuma Masoro, alikuwa amemtengenezea fremu ya baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuendeshwa kwa mikono. Ilikuwa ya kumpa Ismaël. Mwezi wa Julai alimtuma Raïssa akampe habari. Ismaël alicheka bila furaha. "Magurudumu ya Évode? Nilipanda moja, likanitosha." Évode alipoletewa jibu hilo alisema, "Basi haya matatu lazima yawe mazuri zaidi."

Mawili aliyamaliza na kuyashusha mwenyewe, la pili mwezi wa Agosti, akiwa hawezi tena kupanda mlima kurudi. Raïssa alimsukuma juu kwenye baiskeli. La tatu lilimshinda mikono. Alhamisi tarehe 2 Oktoba, saa tisa mchana, alikuwa kitandani akielekeza, na Aimable ameketi chini akisuka. Nyumba ilikuwa na watu wawili tu. Aimable alipofika spoki ya mwisho, aliweka spana chini.

"Kaka, lile la Ismaël—"

"Zilikuwa na meno," Évode alisema.

"Nini?"

"Zile nati. Zilikuwa na alama za meno ya koleo. Mimi sijawahi kushika spoki kwa koleo tangu nizaliwe. Niliona siku ile ile, kabla sijanawa damu ya Ismaël."

Aimable alishindwa kuinua uso. Aliuliza kwa nini kaka yake alinyamaza.

"Ningesema, usingeshika spana tena. Ungekula nini, sha, mdogo wangu? Wewe hata nyanya huwezi kuuza. Mteja akikuuliza bei unatazama chini." Alicheka, kicheko kikamuumiza, akangoja maumivu yapite. "Halafu, na mimi je? Nilikwambia likinyooka umpe. Kunyooka si kukaza. Mimi mwenye kujua sikulipanda. Ukisema, sema yote. Msinifanye malaika kwenye kile kijitabu chenu cha mazishi."

"Utamwambia Ismaël?"

"Mimi ninakufa. Mwenye mguu ni yeye, na mwenye koleo ni wewe. Hilo nakuachia." Kisha akafumba macho. "Gusa spoki nisikie."

Aimable alizigusa moja moja. Évode alimrudisha nyuma mara nne. "Ya tisa iko chini. Si hiyo, ya upande wako." Jua lilikuwa limekwenda chini aliporidhika.

Lakini sheria ilikuwa bado ipo, na fundi aliyelisuka gurudumu hili alikuwa Aimable. Jumamosi tarehe 4 Oktoba, saa nne asubuhi, walilifunga kwenye baiskeli ya Évode, wakapakia magunia mawili ya mchanga. Mtu ambaye hakuwa amepanda baiskeli kwa miaka kumi na minne alikaa juu yake. Évode alifunguliwa dirisha. Joselyne alisimama mlangoni na kisu chake. Walingoja. Kwa kawaida kengele ililia ukihesabu hamsini. Joselyne alifika hamsini, akafika themanini, akaacha kuhesabu. Évode alikuwa amekamata ubao wa kitanda.

Kengele ililia.

"Amebana breki njia nzima, yule," Évode alisema, akaachia ubao.

Évode Nduwayo alifariki dunia nyumbani kwake Nyakabanda, Jumatatu tarehe 6 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Joselyne. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Alhamisi iliyofuata, Aimable alikwenda kwa Ismaël akifuatana na Raïssa. Alimweleza yote: koleo, upande wa kulia, na ule ukimya. Ismaël alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka kwa fimbo yake, akatoka nje, akawaacha wameketi. Raïssa alitaka waondoke. Aimable hakuondoka. Ismaël aliporudi, hakuketi.

"Miaka kumi na minne nimemnyima salamu mtu," alisema. "Aliniletea maji, na mimi nilitazama ukuta."

"Nisamehe, Ismaël."

"Sijui. Usinisukume." Akaegemea fimbo. "Umeandika?"

"Nimeandika habari yote. Ukikataa, nitaifuta."

"Usifute. Isome hapo kanisani mbele ya watu, yote. Na usome kwa sauti, usinong'one kama kawaida yako. Watu wale walimtukana kwa sauti."

Marehemu ameacha mjane, Joselyne. Watoto wawili, Raïssa Kaze na Arnaud. Mdogo wake, Aimable Mutabazi. Mama yake mzazi, Nyirahabimana. Rafiki yake Castory. Na watu wengi wa Nyakabanda wanaotengeneza baiskeli zao wenyewe kwa sababu yake. Spana yake ya spoki amemwachia Raïssa.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye kijitabu. Yameongezwa kwa kalamu leo Jumamosi, tarehe 11 Oktoba.

Jana Castory na Raïssa waliipeleka ile baiskeli ya magurudumu matatu mpaka mlangoni kwa Ismaël, kule juu. Hakutoka. Ilikaa nje kutwa, na asubuhi hii Raïssa alipopita kuja huku, bado ilikuwa pale pale. Tukaja kanisani. Jeneza lilipokuwa linaingia kwenye uwanja huu, baadhi yenu mligeuka, kwa sababu ilisikika kengele chini ya mteremko. Joselyne aliisikia kabla ya wote. Ismaël ameketi mstari wa mbele, na magurudumu yale matatu yako hapo langoni. Hakubana breki.

Évode, kengele imelia. Pumzika.