Mistari Isiyotumika

Jirani wa mjane mmoja aliwahi kumuuliza, "Mama, kwenye basi huwa unasali au unasikiliza ya watu?" Leo, ndani ya basi, mjane alifanya yote mawili.

Nyuma yake kijana alikuwa akimwonyesha dada yake kompyuta. "Programu yako ya kuandikia misheni za gemu nimeipanga upya. Kila ukihifadhi, inafuta mistari ambayo gemu haiitumii."

"Na maneno ya marehemu baba niliyoyaweka humo?"

"Si yalikuwa maelezo tu, dada? Misheni inakwenda bila hayo."

"Nilitaka yule mzee wa langoni kwenye gemu aje aongee kama baba. Sijayaandika kwingine. Haya, mtaalamu, yarudishe!"

Kijana alibonyeza, akabonyeza tena. "Hayarudi. Nilishahifadhi, nikafunga."

Tasbihi ilisimama vidoleni mwa mjane. Yeye naye maneno ya marehemu mumewe hakuyaandika popote.

Basi liliposimama, dada alimwachia nduguye kompyuta mapajani, akashuka.