Sheria Aliyoiandika Daktari Fondo Rai Chengo

Marehemu Daktari Fondo Rai Chengo alizaliwa Kinondo tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa marehemu mzee Rai Chengo na marehemu mama Kadzo Mbeyu, akasoma shule ya msingi papo hapo kijijini, kisha sekondari Msambweni, na mwaka 2004 akapata shahada ya uzamifu katika jiolojia, akawa mhadhiri wa utalii na mazingira hadi maradhi yalipomzuia.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Everlyn Syovata hapa Ukunda, wakajaliwa watoto wawili, Kahaso na Rai, ambao walitaniwa shuleni kwamba baba yao anaongea na mawe.

Kilichomjulisha kwa watu ni mjadala wa jiopaki, yaani hifadhi ya miamba ya kale, baina yake na mwenzake Profesa Kaloki, ambaye tunaye hapa. Kaloki aliandika kwamba wanakijiji wakiachiwa hifadhi watawabana wageni kwa sheria na kuwalegezea jamaa zao, naye Fondo, ambaye akipata ubishi husahau hata kula, akamjibu kwa makala saba, kisha mwaka 2019 akaisaidia kamati ya kijiji cha Kinondo kuandika sheria kwamba ndani ya hifadhi hachimbi mtu, awe mwenye hoteli au mwenyeji, na ruhusa maalumu hapewi yeyote. Kiwanja cha nyumbani, alikozikwa mama yake mwaka 2009, kiliangukia ndani ya mpaka huo, na wakati ule hakuna aliyewaza kaburi.

Januari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, akatuambia anataka kulala kando ya mama yake. Kamati, chini ya mama Kanze, ilikubali bila kusita, barua ya ruhusa ikaandikwa, lakini Fondo alipoisoma aliirudisha, akasema kwamba wenye mikahawa ya ufukweni wataomba yao kesho yake, na Kaloki atakuwa amesema kweli. Alilia mchana kweupe mbele ya wanawe, kwa kuwa sheria yake ilikuwa imemfunga mwenyewe, nasi tulimkasirikia, na hasira hiyo haijatutoka hata leo. Profesa Kaloki alikuja hospitalini Msambweni, alikolazwa, akamsihi aikubali barua ile, akaahidi kwamba hataandika neno, naye akamjibu, "Hutaandika, bwana, lakini utajua."

Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi alasiri, akiwa na miaka hamsini na minne, bila kuikubali ruhusa ile, na ndiyo maana tunamzika hapa Ukunda, katika kiwanja cha mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, na wahadhiri wenzake, akiwemo Profesa Kaloki, aliyeshika jembe tangu asubuhi akalichimba kaburi hili pamoja na vijana.

Lala salama, ndugu yetu, mbali na mama.